Maswali ya Wasomaji: Historia ya Kwetu Mikononi mwa Mchapishaji wa Chuo Kikuu

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili: wenye miswada ya historia ya maeneo yao, na wenye vitabu vya namna hiyo ambavyo vimewaudhi. Wote wana neno na wachapishaji wa vyuo vikuu.

Ndugu Mhariri, salaam. Nimeandika historia ya wilaya yetu, kurasa 600 zilizochapwa kwa kuruka mstari mmoja. Niufungashe mswada wote niupeleke? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo, Mwalimu. Usiupeleke wote kwanza. Kinachosomwa mwanzo ni pendekezo: barua ya ukurasa mmoja au miwili, orodha ya sura na aya fupi chini ya kila moja, sura mbili zilizokamilika, na hesabu tatu, yaani idadi ya maneno, ya picha na ya ramani. Katika zile sura mbili, moja itoke katikati ya kitabu. Sura ya kwanza kila mtu huipamba. Ya sita ndiyo inayoonyesha kama mwandishi ana pumzi.

Sasa tupige hesabu. Ukurasa ulioandikwa kwa kuruka mstari hubeba maneno 250 hadi 300, kwa hiyo mswada wako una maneno kati ya 150,000 na 180,000. Kitabu kilichopangwa kwa ukubwa wa kawaida hubeba kama maneno 400 kwa ukurasa. Hapo una kurasa 375 hadi 450 kabla ya picha, marejeo na faharasa (ile orodha ya majina na mada, pamoja na kurasa zake, iliyo mwishoni mwa kitabu). Wachapishaji wengi wa vyuo hupenda mswada wa historia ya eneo uwe wa maneno 80,000 hadi 110,000. Kabla ya kukata visa vya wilaya yako, tazama sura mbili au tatu za mwanzo. Mara nyingi huko kumejaa historia ya nchi nzima iliyorudiwa kutoka vitabu vya shule. Hiyo iondoe bila huruma, ubakishe kurasa chache tu za kumpa mgeni mwelekeo. Halafu tazama nyaraka ulizozinukuu neno kwa neno: nyingi zinatosha kwa mistari mitatu na tanbihi.

Katika barua, eleza kitabu kinajibu swali gani. "Historia ya wilaya yetu" ni mada, na mada peke yake haimwambii mhariri kitu. "Kwa nini soko lilihama ng'ambo ya mto mara reli ilipopita, na nani alipoteza ardhi kwa sababu hiyo" ni swali, na mhariri akilisoma anaweza kulitetea mbele ya wenzake. Pendekezo unaweza kulipeleka kwa wachapishaji wawili watatu kwa wakati mmoja, mradi uwaambie. Mswada kamili ukishaombwa kwa ajili ya kupimwa, ukae kwa mmoja tu. Wahakiki, yaani wataalamu wa nje wanaoupima mswada, ni walewale wachache, na mhakiki akiletewa mswada uleule na wachapishaji wawili, wote wawili watajua siku hiyohiyo.

Mchapishaji wa chuo kikuu si ile mitambo inayopiga chapa mitihani? (Mwanafunzi)

Zamani mambo hayo yalikuwa chini ya paa moja, ndiyo maana jina linachanganya. Cambridge ilipewa hati ya Mfalme Henry VIII mwaka 1534 ya kuruhusiwa kupiga chapa vitabu, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1584. (Wanaolalamika kukawishwa walinganishe.) Siku hizi wengi hawamiliki hata mtambo mmoja, kupiga chapa hupewa kiwanda cha nje. Wao huchagua, hupima, huhariri, husanifu na kusambaza. Tofauti yao na wachapishaji wa biashara ni kwamba mswada haupiti kwa mapenzi ya mhariri mmoja: husomwa na wataalamu wa nje, kisha kamati ya wahadhiri hupiga kura.

Historia za maeneo zimekuwa kazi yao kwa muda mrefu, kwa kuwa chuo kina deni kwa watu wanaokizunguka, na mchapishaji wa biashara haoni faida katika kitabu kitakachouza nakala mia chache kwa mwaka lakini kikaendelea kuuza kwa miaka 30. University of Oklahoma Press ya Marekani, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ilijijengea jina kwa njia hiyo. Mfululizo wake kuhusu wenyeji wa asili wa Marekani ulianza mwaka 1932.

Mswada wangu ulipokewa mwaka jana mwezi kama huu. Hadi leo sijaona hata jalada. Wamelala? (Aliyechoka kungoja)

Huenda hawajalala. Wahakiki wawili hupewa miezi miwili au mitatu, na mmoja lazima achelewe, kwa kuwa anasoma usiku baada ya kazi zake. Ripoti zikija, mwandishi huandika majibu ya kurasa mbili tatu: hili nimelikubali na nitalirekebisha hivi, hili silikubali kwa sababu hii. Majibu haya waandishi wengi huyadharau, na kumbe kamati huyasoma kwa makini kuliko mswada wenyewe. Usiandike kwa hasira. Mhakiki akisema sura ya nne haieleweki, hata kama anakosea kuhusu sababu, kuna mahali alijikwaa; patafute.

Kamati hukutana kwa ratiba, pengine mara nne kwa mwaka, na ukiikosa kwa wiki moja unangoja miezi mitatu. Baada ya mkataba huja masahihisho yako, ambayo huchukua muda unaoutaka wewe. Mhariri wa lugha na mtindo huhitaji wiki sita hadi nane kwa maneno 100,000. Kisha kurasa hupangwa, prufu (kurasa za majaribio za kusahihishia) husomwa, faharasa hutengenezwa, kitabu huenda kiwandani. Jumlisha: mwaka mmoja na nusu hadi miwili tangu mswada kamili ufike ni mwendo wa kawaida.

Kinachokwamisha vitabu vya aina hii kuliko yote ni vibali vya picha na ramani. Mwandishi huahidi "vitakuja", mswada unakwenda mbele, halafu kila mtu anasimama kumngoja mwenye hifadhi ya nyaraka ajibu barua. Omba vibali siku unayotia sahihi mkataba. Barua ya kuomba itaje mambo matano: kitabu gani, nakala ngapi, lugha gani, soko la nchi gani, na kama kutakuwa na toleo la kielektroniki. Ukisahau hilo la mwisho, utaandika barua mara ya pili.

Muulize mhariri wako swali moja tu kwa barua: mswada uko katika hatua ipi na nani anaushikilia. Swali hilo hujibika. "Kitabu kitatoka lini?" huzaa ahadi tu.

Picha zangu 14 za zamani zimekataliwa. Wanasema "hazifai kwa chapa", na mimi kwenye simu naziona safi kabisa. (Mtunza picha)

Kioo cha simu kinasamehe mengi ambayo karatasi haisamehi. Picha ya kivuli na mwanga inahitaji nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa itakaochapwa. Ukitaka ichukue upana wa sentimita 12, gawanya 12 kwa 2.54 upate inchi 4.72, zidisha mara 300: unahitaji pikseli, yaani nukta za picha ya kompyuta, 1,417 kwa upana. Michoro ya mistari mitupu, kama ramani za wino, huhitaji nukta 1,200 kwa inchi, yaani pikseli 5,669 kwa upana uleule, la sivyo mistari ya mshazari huonekana ina meno kama msumeno.

Ukiwa na picha halisi mkononi, gawanya upana unaotakiwa kwa upana wa picha yenyewe, kisha zidisha kwa 300. Picha ya sentimita 9 inayotakiwa kuwa 12 itaskaniwa kwa 400. Weka 600 ikiwa una nafasi kwenye diski; kupunguza ni rahisi, lakini kuongeza pikseli zisizokuwapo ni kudanganya tu. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili ya picha isiyopunguza ubora. JPEG hupoteza kidogo kila unapoifungua, kuibadili na kuihifadhi tena, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshakamuliwa kabla haijafika.

Kama picha uliikata gazetini au uliiskani kutoka kitabu kingine, kuna kasoro ya pili: imeundwa na vidoti vya chapa ya kwanza. Ikichapwa tena, vidoti vipya hugongana na vya zamani, ukapata mawimbi yanayofanana na kitambaa cha hariri. Dawa ya maana ni kutafuta picha ya asili.

Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino; mkandamizo wake hutokea upande wa mbele. Tumia penseli laini, namba tu, na maelezo yote yawe kwenye orodha tofauti: nani, kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza, wapi, mwaka, nani alipiga, nani anaimiliki. Hayo mawili ya mwisho hayafanani. Kuwa na karatasi ya picha sandukuni kwako hakukupi hakimiliki. Hiyo kwa kawaida huanzia kwa mpigaji au studio yake, kisha kwa warithi.

Zaidi ya nusu ya kitabu changu ni simulizi za wazee. Rafiki yangu msomi anasema zitakataliwa kwa kuwa hazina karatasi. (Mkusanya simulizi)

Rafiki yako amepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 60. Simulizi ni ushahidi kama ulivyo waraka, na kama waraka, huhojiwa. Mhakiki atauliza: nani alisema, siku gani, mahali gani, kwa lugha gani, nani alitafsiri, na sauti iliyorekodiwa imehifadhiwa wapi. Tanbihi ya simulizi iyabebe hayo yote. "Mahojiano na wazee" ni tanbihi isiyothibitisha lolote.

Wazee watatu wanaosema jambo moja si mashahidi watatu kama wote walilisikia kwa mtu mmoja. Wala si mashahidi ikiwa walilisoma. Hili hutokea mno: kitabu cha zamani kilichapishwa, mwalimu akakifundisha shuleni, na miaka 50 baadaye mzee anakusimulia ukurasa wake wa 30 kwa moyo safi akiamini kaupata kwa babu yake. Ukikuta simulizi inayofuata mpangilio wa kitabu, au yenye tahajia ya ajabu ya jina iliyo kitabuni tu, shtuka.

Tarehe ndiyo kazi. Usihesabu watawala ukazidisha kwa miaka 30 kila mmoja. Ndugu wawili wakipokezana kiti, kizazi ni kimoja, na katika orodha ndefu majina ya katikati hudondoka: mwanzilishi anakumbukwa, wanne wa mwisho wanakumbukwa, waliobaki hupungua kila simulizi inaporudiwa. Tafuta badala yake matukio yenye tarehe inayojulikana. Homa kuu ya mafua ya 1918 ilifika karibu kila mahali. Kupatwa kwa jua ni bora zaidi, maana wanajimu wanaweza kupiga hesabu ya siku na saa kwa mahali popote, na kupatwa kikamilifu hurudi mahali pamoja kwa wastani baada ya miaka zaidi ya 300. Mzee akisema "kuku walipanda kulala mchana", uliza jua lilikuwa upande gani. Lakini angalia mtego wa nyota yenye mkia. Wengi huandika "Halley, 1910", jina la nyota ya mkia maarufu, na kuendelea. Mwaka huohuo wa 1910, mwezi Januari, ilitokea nyingine iliyong'aa kuliko Halley hata ikaonekana mchana. Halley yenyewe ilionekana vizuri Aprili na Mei. Uliza ilikuwa msimu gani wa shamba.

Kuna jambo ambalo wahakiki hulipekua kimyakimya: mipaka ya ardhi na haki ya kiti cha utawala. Kitabu cha historia ya eneo huishia mezani kwa hakimu kama kielelezo. Ikiwa simulizi zako zote za mpaka zimetoka upande mmoja wa mto, mswada utarudishwa, na ni haki urudishwe. Nenda ng'ambo, uwasikilize, na uandike kwamba wanasema tofauti. Idhini ya msimulizi ichukuliwe kwa maandishi au isikike kwenye rekodi, na itaje wazi kwamba maneno yatachapishwa. Kukubali kuzungumza na mgeni sebuleni hakumaanishi kukubali kuwekwa kitabuni.

Mkataba unasema faharasa naitengeneza mimi. Kompyuta si inaweza kuifanya kwa kubofya? (Mwandishi mpya)

Kompyuta itakupa orodha ya mahali neno lilipo. Haitajua kwamba "mkuu yule", "baba yake" na "mzee wa mlimani" ni mtu mmoja.

Faharasa hutengenezwa prufu zikishapata namba za kurasa za kudumu, na utapewa wiki mbili au tatu. Kwa kitabu cha kurasa 320, kadiria kurasa 10 hadi 16 za faharasa. Jina likifikisha namba za kurasa zaidi ya saba, ligawe kwa vichwa vidogo: msomaji hawezi kufungua kurasa 23 akitafuta mwaka wa kuzaliwa. Mtu aliyepita tu katika sentensi haingii, ila katika historia ya eneo legeza kanuni hii. Wanunuzi wengi huanzia nyuma, wakitafuta jina la ukoo, na jina la babu aliyetajwa mara moja ndilo lililowafanya wanunue.

Kosa linalojirudia ni wanawake kufichwa chini ya waume zao. Mpe kila mmoja jina lake na mstari wake, na penye jina la ndoa weka "tazama". Vivyo hivyo kwa mahali palipobadilishwa jina. Hapa itakusaidia ile orodha ya maamuzi ya tahajia ambayo mhariri wa lugha aliijaza: jina la enzi inayosimuliwa kwanza, la sasa kwenye mabano mara ya kwanza tu, na ramani zifuate vivyo hivyo. Ramani huchorwa na mtu mwingine, mara nyingi kabla tahajia haijaamuliwa, kwa hiyo kaa chini siku moja ulinganishe kila jina la ramani na la matini.

Ukishaanza faharasa, usibadili aya kwenye prufu. Ukiongeza mistari mitatu ukurasa wa 88, kila namba inayofuata katika sura hiyo inaweza kusogea. Ukilazimika kufuta maneno sita, tia mengine yenye urefu uleule. Tena soma mkataba: wengi humtoza mwandishi marekebisho yake mwenyewe yakizidi asilimia 10 ya gharama ya kupanga kurasa.

Kwa nini kitabu changu kimeisha na kurasa 12 tupu? Ni uzembe? (Mnunuzi)

Kitabu hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mikunjo, kwa kawaida ya kurasa 16 au 32. Matini ya kurasa 324 haiingii katika mikunjo 20 ya kurasa 16, ambayo ni 320, hivyo ukaongezwa mmoja, jumla 336, zikabaki 12. Mhariri mwenye jicho angepunguza kurasa nne kwenye orodha ya marejeo. Kwa hiyo, uzembe kidogo upo.

Kitabu cha historia ya kwetu kimekosea jina la babu wa babu yangu, na kimesema alikuwa mpagazi wakati alikuwa fundi chuma. Naanzia wapi? (Mjukuu mwenye uchungu)

Pole, mjukuu. Mwandikie mchapishaji, idara ya uhariri, nakala kwa mwandishi. Taja ukurasa na mstari, nukuu sentensi ilivyo, andika ilivyopaswa kuwa, na ambatisha ushahidi. Barua ya nusu ukurasa hufanyiwa kazi; ya kurasa tisa huwekwa kando "nikipata nafasi".

Jina na kazi ni mambo mawili, yatenganishe. Kuhusu jina, tazama tanbihi ya mwandishi. Akiwa amefuata daftari la karani wa zamani, karani huyo aliandika alivyosikia, na mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika daftari moja. Hapo unaomba tahajia ya familia itumike, na kwa kawaida hukubaliwa haraka. Kuhusu kazi, kumbukumbu ya familia peke yake haitaifuta orodha ya malipo yenye jina lake kama mpagazi. Tena mtu aliweza kuwa yote mawili, msimu huu na ule. Omba iongezwe kwamba familia inamkumbuka kama fundi chuma, taja nani anasema hivyo, na kama kuna nyundo, tanuri au mahali pa tanuri, peleka picha.

Kuhusu lini kitarekebishwa, fungua ukurasa wa hakimiliki. Chapa mpya ni kitabu kilekile kilichopigwa tena, na huruhusu marekebisho ya neno au mstari pasipo kusogeza ukurasa. Toleo jipya ndilo linaloruhusu aya, na hupewa ISBN yake, ile namba ya kutambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu 2007. Jina litaingia katika chapa ijayo. Ufundi chuma unaweza kungoja toleo. Ila kama kitabu kinapigwa chapa kwa kidijiti, nakala chache kila kinapoagizwa, faili hurekebishwa wakati wowote, basi uliza hilo katika barua yako ya kwanza. Toleo la kielektroniki nalo liombee marekebisho kwa jina, kwa sababu faili yake ni nyingine na husahaulika.